Kwa Nini Ari Hupungua Katikati ya Mwaka wa Mwisho wa Sekondari

Mwaka wa mwisho wa sekondari una umbo ambalo walimu wazoefu hulitambua mapema. Wiki za mwanzo huwa na moto: ratiba imepigwa mistari kwa kalamu za rangi, mazoezi yanakusanywa kabla ya siku yake, na hakuna anayehitaji kuamshwa. Miezi michache baadaye moto huo hupoa bila sababu inayoonekana, na mwanafunzi yuleyule anaweza kukaa mbele ya kitabu nusu saa nzima bila kufika ukurasa wa pili. Kisha mtihani ukikaribia huja hofu, na hofu huzaa kasi ya ghafla ya kukesha, kunakili madaftari ya wenzake na kuruka milo. Wakubwa wanaoitazama hali hii huwa na neno moja la kuieleza, nalo ni uvivu, na dawa moja ya kuitibu, nayo ni kuongeza bidii.

Maelezo hayo ni mepesi kupita kiasi. Kinachoitwa kukosa ari ni mkusanyiko wa mambo kadhaa yaliyojisokota pamoja: umbali wa lengo, mbinu za kusoma zinazovunja moyo, usingizi uliopunguzwa, hisia zinazokimbiwa, na shinikizo la watu wanaomtakia mwanafunzi mema. Kila moja lina chanzo chake, na dawa ya moja inaweza kuwa sumu ya jingine. Mwanafunzi aliyechoka kwa kukosa usingizi, kwa mfano, akiambiwa aongeze saa za kusoma atazitoa palepale kwenye usingizi, na mwezi unaofuata atakuwa mzito zaidi kuliko alivyokuwa.

Ugumu wa katikati

Tuanze na umbali. Mwaka 1932 mwanasaikolojia wa Marekani Clark Hull, aliyekuwa akichunguza panya wanavyojifunza njia, alieleza kwamba mnyama anayekimbilia chakula mwishoni mwa njia huongeza mwendo kadiri anavyokikaribia. Binadamu naye yuko hivyo, ila ana nyongeza moja. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, Andrea Bonezzi, Miguel Brendl na Matteo De Angelis walionyesha kwamba mtu anayefuata lengo hupima maendeleo yake kwa kutazama alikotoka akiwa bado mwanzoni, na kwa kutazama anakokwenda akiwa karibu na mwisho. Mwanzoni kila hatua huonekana kubwa kwa sababu mtu ametoka sifuri, na mwishoni huonekana kubwa kwa sababu kilichobaki ni kidogo. Katikati, hatua ileile haionekani kitu ukiipima kutoka upande wowote, na hapo ndipo ari hulegea.

Kwa hiyo mwanafunzi anayejikuta amelegea katikati ya mwaka hana haja ya kuanza kujishuku tabia. Anachohitaji ni kubadili vipimo. Mwaka ukikatwa vipande vya wiki tatu au nne, na kila kipande kikawa na mwisho wake wa kweli, katikati huwa fupi mno hata haipati nafasi ya kumlegeza mtu. Uzito uko kwenye maneno hayo, mwisho wa kweli. Kusudio la "kusoma fizikia zaidi" halina mwisho. Kusudio la kumaliza mada ya umeme na kujibu maswali yake yote kutoka mitihani mitatu ya miaka iliyopita, kitabu kikiwa kimefungwa, lina mwisho, na siku mwanafunzi atakapofika atajua kwamba amefika, hata kama amepata nusu tu ya majibu.

Tahadhari ni kwamba mipango ya namna hii huandikwa kwa matumaini yaliyopita kiasi. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakiandika tasnifu zao wangemaliza lini. Kwa wastani walikadiria siku 34, na kwa wastani wakatumia siku 55 hivi. Wanafunzi hao hawakuwa waongo. Walipokadiria waliiona kazi ikienda bila kuugua, bila mgeni, bila sura moja kugeuka ngumu kuliko walivyodhani. Ratiba ya mwaka wa mwisho iliyojazwa kuanzia alfajiri hadi usiku, bila upenyo, itavunjika kabla ya Jumatano, na ikivunjika huondoka na imani ya aliyeiandika. Ndiyo maana ni busara kuacha nusu siku kila wiki bila kuipangia chochote, ili madeni ya wiki yalipwe hapo. Wiki isiyo na deni, nusu siku hiyo ni ya mapumziko, tena mapumziko halali yasiyoombewa radhi.

Kazi hutangulia, hamu hufuata

Dhana iliyoenea ni kwamba mtu hupata hamu kwanza, kisha hufanya kazi. Katika sehemu kubwa ya masomo ya mwaka wa mwisho mfuatano huo uko kinyume: hamu huja baada ya mtu kuona kwamba kazi inasonga, na hukauka anapoona haisongi hata akijitahidi. Edward Deci na Richard Ryan, waliofanya kazi kwa miongo mingi katika Chuo Kikuu cha Rochester, walijenga nadharia nzima juu ya jambo hili. Kwa maoni yao, ari inayodumu hutegemea mahitaji matatu: mtu ahisi kwamba ana sauti katika anachokifanya, ahisi kwamba anakiweza, na ahisi kwamba ana watu wa kuwa nao katika jambo hilo. Ukiutazama mwaka wa mwisho kwa jicho hilo utaona kwamba mahitaji yote matatu hushambuliwa kwa wakati mmoja.

Uhuru ndio unaopokonywa kwanza. Shule imepanga vipindi, mtaala umepanga mada, mzazi amepanga masomo ya ziada, na hata muda wa kulala umepangwa na mtu mwingine. Kinachoweza kurudishwa ni kidogo, lakini kina nguvu: mwanafunzi aachiwe aamue aanze na somo lipi jioni, akae wapi, na ni mada gani aiweke kando kwa wiki mbili. Kuhusu watu, mwaka huu huwageuza marafiki kuwa washindani bila yeyote kutangaza vita, na dawa nzuri ninayoijua ni kikundi kidogo ambacho kila mmoja humfundisha mwenzake mada moja. Hakuna kinachomfichulia mtu asichokijua haraka kama kusimama mbele ya mwenzake na kushindwa kueleza.

Hitaji la kuhisi kwamba unaweza ndilo linalostahili kuzungumziwa kwa kirefu, kwa kuwa ndilo linalowaangusha wengi, na huwaangusha kwa njia ya siri. Wanafunzi walio wengi husoma kwa kurudia kusoma: wanafungua daftari, wanapitia kurasa, wanapaka rangi mistari muhimu, wanarudia tena kesho. Kila wanaporudia, maneno yanazidi kuwa mepesi machoni, na wepesi huo huhisiwa kama kuelewa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio lililofichua hila hiyo. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu mara nne. Kundi lingine lilikisoma mara moja, kisha likajaribu kukikumbuka mara tatu bila kukiangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio walioongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka asilimia 61 hivi ya kifungu, na waliorudia kusoma asilimia 40. Jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba walioishia kukumbuka kidogo ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba wangekumbuka.

Sasa peleka matokeo hayo kwenye mwaka wa mwisho. Mwanafunzi amerudia madaftari yake kwa wiki sita, anahisi yuko tayari, anaingia kwenye mtihani wa majaribio na kutoka na alama za kusikitisha. Hasemi kwamba mbinu yake ilikuwa mbovu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna mbinu. Anasema hana akili. Kuanzia hapo kila saa anayokaa na kitabu inamkumbusha hukumu hiyo, na mtu hawezi kuwa na hamu ya kitu kinachomtusi kila siku. Hapa ndipo suala la ari linapokuwa suala la ufundi wa kusoma, ingawa kwa mbali linaonekana la moyo.

Kwa mfano, anayesoma mzunguko wa damu anaweza kuutazama mchoro wa moyo kitabuni dakika arobaini na kuridhika. Badala yake, na aupitie dakika kumi, afunge kitabu, achukue karatasi tupu, achore vyumba vinne vya moyo na kuonyesha kwa mishale damu inapitia wapi. Atakwama. Huenda atajua kwamba damu inakwenda mapafuni kuchukua oksijeni, lakini asikumbuke kama ikirudi inaingia upande wa kulia au wa kushoto. Akae na mkwamo huo kwa muda kabla ya kufungua kitabu, kwa sababu jibu linalopatikana baada ya kutafutwa hukaa. Akifungua ataona ni chumba cha juu cha kushoto, ataupaka mshale huo rangi, na siku mbili baadaye atachora tena kwenye karatasi nyingine. Zoezi hili ni la taabu kuliko kusoma, na mwanzoni humfanya mtu ajione mjinga. Hata hivyo karatasi ya tatu huwa na makosa machache kuliko ya kwanza, na tofauti hiyo anaishika mkononi. Huo ndio ushahidi wa kusonga ambao ari inauhitaji, na hauhitaji kusubiri matokeo ya muhula.

Kwa nini siku mbili baadaye? Kwa sababu kusahau hakungoji. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa orodha za silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hutoweka ndani ya saa na siku za mwanzo, kisha kasi ya kusahau hupungua. Alionyesha pia kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hushinda marudio yaliyorundikwa pamoja. Kwa hiyo anayesahau mada aliyoisoma juzi hana kasoro yoyote kichwani. Anachokosa ni kuirudia kwa wakati.

Uwiano na suala la usingizi

Neno uwiano limewapotosha wengi, kwa sababu linawafanya wafikirie mizani yenye sahani mbili, masomo upande huu na maisha upande ule, kila kilo inayowekwa huku ikitolewa kule. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akijipima hivyo atashindwa daima, kwani hakuna wiki ambayo masomo hayatazidi. Ni afadhali kujiuliza kitu gani kikipunguzwa huharibu vyote vingine, kukiwekea kiwango ambacho hakivukwi, kisha vilivyobaki vikagawana kilichobaki. Kitu hicho ni usingizi.

American Academy of Sleep Medicine, chama cha wataalamu wa tiba ya usingizi nchini Marekani, kilitoa mapendekezo yake mwaka 2016: vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kwa usiku. Wengi wa mwaka wa mwisho hawafiki hapo, na sababu mojawapo haitokani na utundu wao. Katika umri wa kubalehe saa ya mwili husogea mbele, homoni ya melatonini inayoashiria usiku huanza kutoka baadaye kuliko kwa mtoto mdogo, na kijana anayelazimishwa kitandani saa tatu usiku anaweza kukodoa macho hadi saa tano bila kuwa na simu mkononi. Kisha shule inamtaka mapema asubuhi. Mgongano huo ndio uliowafanya madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao cha American Academy of Pediatrics, kupendekeza mwaka 2014 kwamba shule za vijana zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Mwanafunzi hawezi kubadilisha kengele ya shule, lakini anaweza kuacha kujiita mvivu kwa sababu macho yake ni mazito kipindi cha kwanza.

Kukesha kuna mantiki yake, nami siwezi kuidharau: saa nne za usiku zinaonekana kuwa saa nne zilizopatikana bure. Tatizo ni kwamba kumbukumbu haikamiliki mtu anapofunga kitabu. Tangu mwaka 1924, John Jenkins na Karl Dallenbach walipowapima wanafunzi wawili katika Chuo Kikuu cha Cornell na kuona kwamba walisahau kidogo zaidi walipolala baada ya kujifunza kuliko walipokaa macho, ushahidi umezidi kuonyesha kwamba ubongo huendelea kuimarisha kilichosomwa mchana wakati mtu amelala. Anayekesha anapunguza kile alichokuja kukiongeza. Cari Gillen-O'Neel na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa sekondari huko Los Angeles kwa siku 14 katika miaka tofauti ya masomo yao, wakiwataka waandike kila siku walisoma muda gani na walilala muda gani. Ripoti yao ya mwaka 2013 inaonyesha kwamba siku iliyofuata usiku ambao mwanafunzi alipunguza usingizi ili asome zaidi ya kawaida yake ilikuwa siku ya matatizo zaidi, ama ya kutoelewa kinachofundishwa darasani, ama ya kufanya vibaya kwenye jaribio au kazi ya darasani.

Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu havilipi deni hilo, huliahirisha. Mwili wa mtu mzima mwenye afya huchukua takriban saa tano kupunguza nusu ya kafeini iliyomo, kwa hiyo kikombe kilichonywewa saa nne usiku bado kina nusu yake mwilini saa tisa za usiku.

Usingizi ukishalindwa, mengine ni mepesi zaidi kuliko yanavyoonekana. Mazoezi ya mwili, hata ya kutembea tu, ibada kwa anayesali, muda na familia, mchezo mmoja usioachwa: hivyo vyote vinaingia kwenye wiki bila kugusa masomo, mradi viwe na saa yake. Kinachokula muda wa mwaka wa mwisho ni ile hali ya katikati, ambayo si kusoma wala si kupumzika, kitabu kiko wazi, simu iko pembeni yake, na kila baada ya aya mbili mkono unaiendea. Saa tatu za namna hiyo humwachia mtu uchovu wa aliyesoma na majuto ya ambaye hakusoma. Simu ikiwekwa chumba kingine kwa dakika arobaini, kisha ikachukuliwa kwa furaha kwa dakika kumi na tano, mtu hupata vitu viwili kamili badala ya nusu mbili za vitu visivyofaa.

Wapo wanaosema hawawezi kupumzika kwa sababu kazi zilizobaki zinawafuata hadi mezani. E. J. Masicampo na Roy Baumeister walilichunguza jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Kazi isiyomalizika kweli huingilia mawazo, lakini kuingilia huko hupungua mtu anapoandika mpango mahususi wa lini na vipi ataifanya, hata kabla hajaifanya. Dakika tano za kuandika mipango ya kesho kabla ya chakula cha jioni zinaweza kuutuliza usiku mzima.

Kuahirisha

Kuahirisha huonekana kama tatizo la muda, ndiyo maana watu hununua saa na kuchora ratiba mpya, na siku ya tatu wakaahirisha hata kuifuata ratiba. Watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl wameeleza mwaka 2013 kwamba kiini cha kuahirisha ni kudhibiti hisia. Kazi inamletea mtu hofu, aibu au uchoshi, anaikimbia, anapata nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo inamfundisha kuikimbia tena. Ndiyo maana mwanafunzi huahirisha hasa somo analolihitaji zaidi, wala haahirishi lile analolipenda hata kama lina kazi nyingi mara mbili.

Ukilielewa hivyo, maswali hubadilika. Badala ya kujiuliza "nitapata wapi muda wa kemia?", mwanafunzi anajiuliza "kemia inanifanya nihisi nini?" Mara nyingi jibu ni kwamba kuna kitu cha chini kabisa ambacho hakukielewa tangu miaka miwili iliyopita, kama vile kusawazisha mlinganyo, na sasa anaona aibu kuuliza. Saa moja ya kurudi huko chini, kwa kitabu cha darasa la nyuma au kwa mwenzake asiyecheka, huondoa kilichokuwa kikikimbiwa. Kwa kazi za kawaida husaidia pia kuamua mapema kwa namna ambayo Peter Gollwitzer ameichunguza kwa miaka mingi, yaani kuunganisha jambo na wakati wake: nikimaliza kula cha jioni, nitakaa kwenye kiti kile na kujibu swali la kwanza la karatasi ile. Uamuzi ukiwa umefanyika asubuhi, jioni hapabaki kitu cha kujadiliana na nafsi iliyochoka.

Jambo moja hapa huwakera wazazi wengi wakilisikia. Mwaka 2010 Michael Wohl, Timothy Pychyl na Shannon Bennett waliripoti kwamba wanafunzi waliojisamehe baada ya kuahirisha maandalizi ya mtihani wa kwanza waliahirisha kidogo zaidi walipojiandaa kwa mtihani uliofuata. Ukali dhidi ya nafsi unaonekana kama nidhamu, lakini unaongeza uchungu kwenye kazi ambayo tayari ilikuwa ikikimbiwa kwa uchungu wake.

Shinikizo la wanaomtakia mema

Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson waliwafundisha panya kutofautisha visanduku viwili kwa kuwapiga shoti ya umeme walipokosea, wakaona kwamba kazi ilipokuwa ngumu, shoti kali mno iliwachelewesha kujifunza kuliko shoti ya wastani. Si haki kuhamisha matokeo ya panya moja kwa moja kwa binadamu, lakini kila mwalimu ameona mwanafunzi anayejua jibu akilisahau kwa sababu ya woga. Hofu kidogo humkalisha mtu kwenye kiti, na ikizidi huanza kuchukua nafasi kichwani ambayo ingetumika kufikiri. Mzazi anayeongeza maneno kwa mtoto ambaye tayari halali anaongeza kitu ambacho tayari kimezidi.

Maswali ya nyumbani yana uzito kuliko watu wanavyodhani. "Umesoma saa ngapi leo?" humfundisha mtoto kuhesabu saa, na saa ni rahisi kuzijaza bila kujifunza kitu. "Umekwama wapi leo?" humpa ruhusa ya kukwama, na pia humwambia mzazi kama kuna somo linalohitaji msaada kabla halijachelewa. Ni hivyohivyo kwa kulinganisha. Mwaka wa mwisho huwaweka wote kwenye mstari wa alama moja, na haiwezekani kumzuia kijana kutazama alama za jirani yake. Ila anaweza kuzoezwa kutunza karatasi zake za majaribio tangu mwanzo wa mwaka na kulinganisha ya sasa na ya miezi mitatu iliyopita, kipimo ambacho jirani hana mkono ndani yake.

Shinikizo kubwa kuliko yote pengine ni lile ambalo halisemwi na mtu: kwamba mtihani huu mmoja utaamua mtu ni nani. Mtihani huamua mlango unaofuata, na milango hiyo haifanani, hilo ni kweli na si vizuri kumdanganya kijana. Hata hivyo anayejua angalau njia mbili nyingine anazoweza kuzifuata endapo mlango wa kwanza utafungwa, akiwa amezichunguza masharti na gharama zake kwa utulivu mapema katika mwaka, huingia kwenye chumba cha mtihani akiwa na mzigo mdogo. Maandalizi hayo wengine huyaona kama kujiombea mabaya, na ndiyo sababu huachwa hadi siku ya matokeo, siku ambayo hakuna mwenye utulivu.

Ipo hali ambayo haimo katika yote yaliyoelezwa hapo juu. Huzuni au utupu ukidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, mtu akapoteza hamu hata ya vitu alivyovipenda nje ya masomo, usingizi au ulaji ukabadilika sana, au yakaja mawazo ya kujidhuru, hilo halitatuliwi kwa ratiba wala mbinu ya kusoma. Linahitaji mtu mzima anayeaminika na mhudumu wa afya, na linahitaji mapema. Mawazo ya kujidhuru hayangoji wiki mbili; yanasemwa siku hiyohiyo.

Kwa wiki mbili za mwisho kuna machache ya kufanya, na mengi ya kuacha. Mada mpya kubwa iachwe, isipokuwa ile inayojulikana kuwa na uzito mkubwa wa alama. Muda utumike kujibu karatasi nzima kwa saa ileile ya mtihani, katika ukimya uleule, ili mwendo wa kuandika na mgawanyo wa dakika kwa kila swali uwe jambo la mazoea. Saa ya kuamka isogezwe polepole, robo saa kila siku mbili tatu, mpaka ifanane na ya siku ya mtihani, kwa sababu saa ya mwili haikubali kugeuzwa usiku mmoja. Na baada ya kila karatasi, mkutano wa langoni wa kulinganisha majibu uepukwe, maana alama za karatasi iliyokwisha hazibadiliki tena, ilhali usingizi wa kabla ya karatasi ya kesho bado unaweza kuharibiwa nao.